Madam Anar na Safari za Kwenye Shuka

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, na kama kuna kijana hapo nyumbani, mwiteni. Leo tunamkumbuka mwalimu. Anar Jashvant, mwalimu wa jiografia hapa Shinyanga mjini. Ametutoka Jumanne, malaria ilimpanda kichwani. Madam Anar, mwalimu wa jiografia. Nimelia, siwafichi. Sasa nimemaliza kulia, nataka kusema.

Anar alizaliwa chumba cha nyuma ya duka. Duka la baba yake, Mzee Jashvant. Misumari, karai, betri, na zebaki. Zebaki ile ya kukamatia dhahabu, inayokwenda machimbo ya Nyarugusu, inayokwenda Bugarama. Shikeni hilo, wasikilizaji: duka la baba liliuza zebaki.

Mwaka 1994 alikuwa anafundisha uchimbaji wa mafuta, petroli ya nchi za mbali. Wanafunzi wanasinzia. Binamu yake wa ng'ambo akamtumia slaidi na projekta kuukuu. Madam akatundika shuka ukutani, akaziba madirisha kwa mablanketi, akawaagiza wanafunzi waje na maji na karanga, maana wanasafiri. "Mmepanda wote?" "Tumepandaaa!" Hao, wameshafika kwenye visima vya mafuta. Wanaona mto mweusi tii. Wanaona moto unaowaka mchana kutwa juu ya bomba, na mihogo iliyokauka chini yake. Anawauliza, "Mngekuwa mnaishi hapa, mngekunywa nini?" Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya shuka. Watoto walitoka wakibishana hadi getini.

Siku moja msichana wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. Jina lake Limi, kwao Nyarugusu. Yuko nami hapa studio, msikieni.

"Nilimwambia, Madam, kwenye mafuta tumeshafika. Nyarugusu tunakwenda lini? Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka."

Likizo ile Madam akabeba kamera, akaenda Nyarugusu kwa mama yake Limi. Huko akaona jambo ambalo sisi watu wa huku tunalijua na tunalinyamazia. Dhahabu huchomwa ili zebaki itoke, lakini haichomwi hadharani. Ukishaikamata kwa zebaki, unaingia nayo jikoni, unafunga mlango, unafunga dirisha, unaweka kikaango motoni. Kwa nini? Jirani asijue umepata. Mwizi asijue, mwenye kijicho asijue. Moshi wa zebaki unabaki humo, na watoto wamo humo humo. Jamani! Tunajifungia na sumu, sisi na watoto wetu, kwa kuogopa macho ya jirani!

"Mayu, mama yangu, mikono ilishaanza kumtetemeka," anasema Limi. "Hata kikombe cha chai hashiki. Sisi tukidhani amelogwa. Ni yeye mwenyewe aliyesema, mwanangu mwalimu, piga picha."

Madam akarudi na safari mpya. Kisima cha Nyarugusu. Jiko la Nyarugusu, mlango umefungwa. Na slaidi ya mwisho: kaunta ya duka la baba yake, chupa za zebaki zimejipanga. Kila mtoto alilijua duka lile.

Hapo sasa! Wazazi wanaonunua dhahabu wakamwendea mkuu wa shule. Mkuu akatoa amri: mafuta ya ng'ambo ruksa, Nyarugusu marufuku. Mzee Jashvant naye akamwita binti yake. Haya ni maneno ya mzee mwenyewe.

"Nilimwambia, Anar, toa ile picha moja tu, mengine fanya utakavyo. Akanijibu, 'Baba, niwaonyeshe uchafu wa dunia nzima, kisha nikifika kwetu niruke?' Nikamfukuza nyumbani."

Alifukuzwa nyumbani, wasikilizaji. Mnadhani aliacha? Thubutu! Alihamishia safari zake kwa Mama Raudha, mwenye banda la video. Jumamosi mchana, kabla ya picha za ngumi, banda likawa la Madam. Amri ya mkuu wa shule haikufika huko. Wanafunzi wakaja na maji na karanga zao. Kisha wakaja na dada zao, kisha na mama zao.

Mama Raudha anacheka akikumbuka: "Walikuja vijana wawili kunitisha, eti watalichoma banda. Nikawaambia kiberiti mnacho, haya, ila kaeni kwanza muone. Wakakaa hadi mwisho, tena mmoja akaomba karanga."

Kwa akina Limi leo dhahabu inachomewa nje, mbali na nyumba, watoto wakiwa hawapo. "Majirani wanatazama," anasema Limi. "Watazame!"

Basi, juzi msibani, mnunuzi mmoja wa dhahabu, simtaji, akasema kwa sauti kwamba sasa mji utapumzika na zile picha. Mzee Jashvant akainuka. Watu wakadhani anakwenda kulala. Akasema, "Jumamosi, saa nane, kwa Mama Raudha. Mashine naendesha mimi. Picha zote." Zote, wasikilizaji, na ya kaunta.

Nilimfuata nikamwuliza, Mzee, zebaki bado unauza? Akainamisha kichwa. "Nauza," akasema. "Nisipouza mimi, atauza mwingine."

Wasikilizaji wapendwa, nanyi mnaochoma ndani milango imefungwa, waangalieni watoto wenu leo, kisha mjiulize mnamficha nani. Pole Mama Raudha. Poleni wanafunzi wote mliosafiri naye.

Na wewe, Mzee Jashvant, shikamoo. Pole sana, wewe na jamaa zako wote. Umempoteza mtoto, na sina neno la kuziba pengo hilo. Lakini jibu lako halitoshi. Binti yako hakulikubali, nami silikubali, hata kama tanga halijaanuliwa. Jumamosi ikifika slaidi ya mwisho, watoto hawataangalia shuka. Watageuka nyuma, wakuangalie wewe uliyesimama kwenye mashine. Watakuuliza, Mzee. Jiandae kuwajibu.