Furushi Jekundu Mlangoni kwa Bibi Agnesi

Wapendwa wa hapa Chiungutwa, nawasalimu kwa jina la Bwana aliyeniacha hai mpaka nimesimama mbele yenu asubuhi hii. Wengi mnanijua, mimi ni Editha, mama yangu yuko kwaya. Sina maneno mengi, ila hili nikilimeza litanikaba.

Ndugu zangu, nilimaliza kidato cha nne nikiwa na haraka. Kila kitu nilikitaka leo. Kukaa nyumbani kungoja korosho zianguke niliona ni kuzeeka. Ile intaneti kafe ilipofunguliwa Masasi mjini, nikapata kibarua cha kuchapa barua za watu, na hapo hapo nikajifunza kutengeneza tovuti. Nikaona jambo. Watoto wa Masasi na Newala wamejaa Dar es Salaam, wengine wako Ulaya, Krismasi ikifika wanataka kuwakumbuka wazazi na hawana wa kumtuma. Basi nikaanza tovuti, nikaiita Krismasi Nyumbani. Mtu anachagua huko huko aliko: mchele, sukari, mafuta, kitenge. Analipa. Mimi nanunua Masasi, nafikisha mpaka mlangoni kwa mama yake.

Wazo lilinijia mwezi wa tano. Tovuti nikaifungua mwisho wa Novemba. Hapo katikati nilikuwa naipamba tu. Niliweka nyota zinazowaka na kuzima, nikaweka na theluji inaanguka. Theluji, jamani, Masasi! Kazi ya kufikisha mizigo niliona ni kazi ya kupanda bodaboda, basi.

Mama akaniuliza, "Editha, hao wazee umeshakwenda kuwaamkia? Wanakujua?"

"Mama, hii ni biashara, siyo posa. Naacha mzigo, naondoka."

"Haya. Wewe acha mzigo."

Oda zilikuja nyingi kuliko nilivyofikiri, na mvua za kwanza nazo zikanyesha. Watu wote shambani, wanapanda. Nikakodi bodaboda, nikapita Mnyambe, nikapita Mkunya, vijiji vya Newala huko, nyumba zimefungwa. Na mimi nina mizigo mingine ya kuwahi. Nikawa naweka furushi mlangoni, naondoka. Mafurushi yenyewe niliyafunga kwa kitambaa chekundu na uzi mweusi, kwa sababu kwenye picha za kompyuta Krismasi yote ni nyekundu. Jina sikuandika.

Ndugu zangu, nyie ni wa huku. Mtu anatoka shamba jioni, anakuta kitu kimefungwa kitambaa chekundu mlangoni kwake, aliyekileta hajulikani. Mnajua anafikiri nini. Mimi pia ni wa huku, nimezaliwa hapa, na sikufikiri.

Pale Mkunya kuna Bibi Agnesi. Anakaa na mjukuu wake Salome, mtoto wa mwanawe Stefano aliyeko Dar. Furushi lile lilitoka kwa Stefano, ila bibi hakujua. Alilikuta mlangoni, na usiku ule ule Salome akashikwa na homa. Majirani wakasema nyumba imetegewa uchawi. Wakamtumia habari fundi mmoja, mganga wa ng'ambo ya Ruvuma, aje kulitoa. Wakasema kabla furushi halijatolewa mtoto asipelekwe hospitali, atafia njiani. Fundi hakufika. Mtoto akawa analala pale, akaanza degedege.

Mwenyekiti wa kijiji akamtafuta yule wa bodaboda aliyenibeba, akapata namba yangu. Akanipigia: "Binti, ni wewe uliyeweka kitu kwa Bibi Agnesi? Njoo ukitoe mwenyewe. Mtoto anakufa."

Nikaenda na mama. Njia nzima sikuwa na sala ndefu. Nilisema tu, "Bwana, mtoto asife."

Tulikuta uwanja umejaa watu. Wengine wametoka shamba moja kwa moja, mapanga mkononi. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Mchawi wa kisasa huyo. Anaroga kwa kompyuta."

Mwingine akamjibu, "Ndiyo elimu yao siku hizi."

Mama akaninong'oneza, "Amkia watu." Nikapiga magoti, nikasema shikamooni. Halafu Bibi Agnesi, ameketi na mtoto mapajani, akasema taratibu, "Marahaba." Ndugu zangu, ile marahaba ndiyo iliyowazuia wale watu. Mimi naamini ni Mungu aliyemfungua kinywa.

Nikalifungua furushi mbele yao. Watu wakarudi nyuma. Ukatoka mchele, ikatoka sukari, likatoka gauni dogo la mtoto. Nikasema, "Bibi, hivi vimetoka kwa Stefano."

"Stefano ana mdomo. Angesema."

Nikampigia Stefano, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Akapokea. "Mama? Shikamoo mama."

Bibi akaiinamia simu. "Wewe ndiye umeniletea kitambaa chekundu nyumbani kwangu?"

"Mama, mimi nimeleta mchele. Kitambaa sikijui."

Watu wakacheka, kicheko kidogo cha kuishiwa pumzi. Kisha Stefano akauliza, "Salome yuko wapi? Mpe simu." Kicheko kikakatika.

"Anaumwa, baba. Anaumwa sana."

"Mpelekeni hospitali Newala. Mama, nakuomba, sasa hivi."

Bibi akasimama na mjukuu wake, akauruka ule mchele, akapanda bodaboda niliyokuja nayo. Hakuna aliyemzuia.

Ilikuwa malaria imepanda kichwani. Daktari alisema, "Mngechelewa kidogo," akageuka kumtundikia mtoto dripu. Krismasi tulikula wodini. Asubuhi ile Salome alifungua macho akaomba wali. Na aliyeuleta, kutoka Mkunya, umefunikwa kwa sahani, ni yule yule aliyeniita mchawi wa kisasa. Alimpa mtoto kijiko.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, watu wakiwa wanapuliza dawa korosho, nilianza kutembea. Kompyuta sikuigusa kwanza. Nyumba kwa nyumba, mimi na mama, tunakaa, tunaeleza: Desemba mwanao akituma kitu, atakayekileta ni mimi huyu. Wengine walinipa maharage nichambue huku tunaongea. Siku hizi mzigo unakwenda kwenye kikapu kilicho wazi, nikikuta mlango umefungwa nakufuata shambani. Novemba ikifika, sina tena cha kukimbizana nacho.

Wiki ijayo naanza tena kutembea nyumba kwa nyumba, naanzia Mnyambe. Niombeeni. Na wewe uliyekaa hapo, una jambo la mbele linakunyima amani, njoo tuliombe leo, Desemba ingali mbali. Mungu anamsikia hata aliyechelewa, mimi ni shahidi. Lakini mtoto wa watu alilala na homa siku zote zile kwa ajili ya haraka yangu. Mpeni Bwana mambo yenu mapema, ndugu zangu. Utukufu ni wake. Amina.