Kuta Zilipotoka Jasho, Nikaitwa Mchawi

Nimesimama, wanawake wenzangu, na magoti yananiuma, kwa hiyo nisikilizeni nisirudie. Majina ya walionitenda ninayo yote kichwani, mpaka ya mama zao. Sitayataja. Hiki ni kikundi cha kuinuana, si baraza la kesi. Lakini hasira ninayo, na siifichi.

Mnaijua nyumba yangu ya mawe hapa Kivinje. Aliijenga baba mkwe kwa matumbawe na chokaa. Kila Shaabani, kabla ya mfungo, wanawake wa nyumba nzima tuliipaka chokaa upya, tukatoka nyuso nyeupe kama tumetoka kusaga unga. Nyumba ilikuwa kavu.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Saruji iliyokuwa ya vibali ikajaa madukani. Mume wangu alipofariki, mdogo wake akaja kutoka Dar na fundi. "Shemeji," akasema, "chokaa ni umaskini. Tunapiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta, nawe uishi kama watu." Nikamshukuru. Wakapiga nje na ndani, saruji ikawaishia kwenye mlango wa stoo.

Masika ya kwanza kuta zikatoka jasho. Ya pili, rangi ikavimba malengelenge, ukungu mweusi ukapanda toka sakafuni mpaka usawa wa kiuno. Nguo kabatini zikaota kuvu. Mjukuu wangu akawa anahema kama mvukuto wa mhunzi. Nafuta kwa sabuni jioni, asubuhi ukungu umerudi.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo watu walipotoa meno. Shemeji akaja na wifi yangu. Wifi akagusa ukuta, akanusa kidole. "Nyumba inamlilia mwenyewe. Kaka yetu ameliwa."

Shemeji akadakia: "Uhame, shemeji. Tuiuze kabla hujammaliza na mtoto."

Mchawi! Mimi, niliyemlisha mume wangu uji kwa kijiko mpaka pumzi ya mwisho!

Nikahamia stoo na mjukuu, huku nafunga virago. Wiki haikwisha, kifua cha mtoto kikatulia. Nikapapasa ukuta wa stoo: mkavu, na chokaa yake ile ile ya zamani. Nikaenda sebuleni na panga, nikakwangua lipu. Kipande kikaanguka, jiwe nyuma yake linachuruzika maji. Ukuta ulikuwa umezibwa pumzi, nasi ndani yake.

Nikaja hapa kikundini nalia. Bi Somoe akaniuliza, "Unalia nini, na nyundo tunazo?"

Wakaja wanne, na nyundo zao. Shemeji akatukuta tunabandua lipu. "Mnaharibu mali ya marehemu!"

"Baba," Bi Somoe akamjibu, "shika ndoo, au utupishe na vumbi letu."

Akatupisha.

Kuta tukaziacha uchi kiangazi chote, zikauke. Shaabani ilipofika tukapaka chokaa. Mjukuu anakimbia, nami sijahama.

Hawa nawataja, maana wema hauna haja ya kufichwa: Bi Somoe, Mama Zainabu, Bi Tatu, Mama Hamisi. Mungu awalipe. Nanyi wengine, ukuta ukitoka jasho, kabla hamjamtafuta mchawi tazameni kilichopakwa juu yake, na nani alikipaka.

Kipande kimoja cha lipu nimekiacha makusudi, sebuleni, cheusi tii. Shemeji akija kunisalimia, namwekea kiti mbele ya kipande hicho.