Uzio wa Mzee Humadi

Assalaam alaykum, ndugu zangu, mliokaa na mliokosa pa kukaa! Mimi ni Mwanaisha wa Patsy, huku juu ya Mutsamudu. Sina hotuba leo, nina shukrani tu. Allahu akbar!

Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Majunga. Tulifukuzwa Bukini, ng'ambo ya bahari, na nguo tulizovaa tu, tukashushwa Moroni, na wazazi wangu wakafia huko huko. Nilipoolewa, mume wangu akapata meza ya vitambaa pale soko la Volo Volo, huko huko Moroni. Mimi na watoto tukaja Patsy kwa jamaa za mama, ili nilime. Ardhi sikuwa nayo hata ya kusimamia! Mzee Humadi wa pale kijijini akaniazima kipande mlimani, akaniambia nilime mihogo lakini nisipande mti. Kwetu kila mtu anajua maana yake. Ukishapanda mti kwenye ardhi ya mtu, kesho utasema ni yako.

Basi kisiwa chetu kikajitenga na serikali ya Moroni. Meli za Moroni zikakatika, simu zikakatika, mume wangu akakwama kule. Mchele ukaadimika, tukabaki kutegemea kile kipande. Na mvua, jamani! Kila ikinyesha udongo ulishuka bondeni, mihogo ikabaki mizizi nje. Nililia, sitaki kuwaficha. Niliona wazi kwamba mvua nyingine kama ile, wanangu watalala na njaa.

Nilikuwa nimesikia serikali ina mpango wa kuwasaidia wakulima wa milimani, wanatoa miti ya uzio na mtu wa kukuonyesha namna ya kuuzuia udongo. Nikashuka Mutsamudu kuuliza. Mlango umefungwa! Nikaenda kwingine, wakasema mambo hayo yako Moroni. Moroni, wakati hata salamu haifiki! Bwana mmoja akanicheka: "Mama, unatafuta serikali ipi, ya huku au ya kule?"

Nikakaa Hombo, karibu na hospitali, nangoja teksi huku machozi yananitoka. Mungu alikuwa ananiona! Mama mmoja akaniuliza kama nina mgonjwa. Nikamwambia mgonjwa ni shamba. Ndugu zangu, alikuwa bibi shamba wa mpango ule ule! Ofisi imefungwa, akasema, lakini kitalu kipo, bado tunakimwagilia. Njoo uchukue miti. Ila mwenye ardhi akubali kwanza.

Msaada nimeupata, na Mzee Humadi je? Nilimwendea, hakutaka hata kunisikiliza. "Leo uzio, kesho utaniita kwa kadhi!" Nikarudi nyumbani, nikaomba, nikaomba tena. Alfajiri, bado niko kwenye mkeka wa swala, Mungu akanifungua akili. Nikarudi kwake mbio.

"Bakoko," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaita babu zetu, "mimi sipandi mti kwako. Panda wewe. Mimi nitachimba mashimo na kubeba. Tusome Fatiha mbele ya majirani, iwe ndiyo ahadi yetu: miti iwe yako, mihogo iwe yangu."

Mzee akaomba aletewe panga lake.

Ijumaa baada ya swala tukasoma Fatiha. Yule mzee alipanda kila mti kwa mkono wake, kwa safu zinazokata mteremko, kama bibi shamba alivyotuonyesha. Katikati ya safu tukafunga ng'ombe wa jirani kwa kamba, tunamhamisha kila siku ili samadi ienee. Mvua ikaja. Nilisimama mlangoni nauangalia mlima. Udongo ulikaa! Si wote, lakini ulikaa. Mihogo ikanenepa, watoto wakala wakashiba. Alhamdulillah!

Njia ilipofunguka, mume wangu akatuma neno tumfuate Moroni. Nikaenda kwa Mzee Humadi kumrudishia ardhi yake na kumuaga. Akakasirika!

"Uende wapi? Kwako si hapa? Mwambie mumeo aje yeye."

Ndugu zangu, nililia mbele ya mzee wa watu kama mtoto. Tangu Majunga nilizoea kuambiwa ondoka. Hakuna aliyewahi kunizuia nisiende.

Wewe uliyefungiwa mlango, nakuomba, usikate tamaa. Uliza tena, hata ukiwa unalia, na umtegemee Mungu. Amenipa chakula, amenipa na kwetu. Mume wangu yule pale nyuma, mnamwona. Alikuja.