Yuditha Leboo, Aliyeangalia Mzunguko Mzima

Wachungaji, wazee wetu, na ninyi nyote mliofika hapa Makuyuni kutoka Mazingara, Misima na Korogwe mjini, shikamooni. Naitwa Loishiye Leboo, mdogo wake marehemu. Familia ilitaka wasifu huu usomwe na mtu mwenye sauti ya upole, wakaishia kunipata mimi. Mnanijua. Nikianza kumsimulia dada yangu siwezi kutulia, na hata juzi nilipokuwa naandika nilijaribu kuhuzunika kwa adabu, nikajikuta nagonga meza na kusema peke yangu, "Jamani, watu walimjua kweli huyu?" Mtanisamehe.

Marehemu Yuditha alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 katika kijiji cha Mazingara, Wilaya ya Handeni, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Leboo na Mama Nasieku. Nyumbani kwetu maziwa yalihifadhiwa kwenye vibuyu, na kibuyu chenye ufa kilikuwa msiba, kwa sababu kiangazi hakuna aliyekuwa na maziwa ya kumwaga. Mama alikuwa na namna yake ya kuvikagua. Alijaza kibuyu maji, akakikausha nje kwa kitambaa, kisha akakiviringisha kwenye majivu makavu. Majivu yakilowana mahali, hapo pana ufa. Siku moja, Yuditha akiwa na miaka sita, mama alikiangalia kibuyu akasema ni kizima. Yuditha akakichukua, akakigeuza chini juu, akamwambia mama, "Yeyo, huku kitakoni hujaangalia." Mama akainama. Palikuwa na nukta nyeusi ndogo kuliko punje ya mtama. Kuanzia siku hiyo vibuyu vyote vya boma letu vilikuwa mikononi mwa mtoto wa miaka sita, na sisi wengine tulikatazwa kuvigusa.

Elimu yake ilipatikana kwa shida. Mwalimu Muhidini alikuja bomani mara tatu kumwombea aende shule, na mara mbili baba alikataa kwa kuwa hakuona nani angechunga ndama. Mara ya tatu, wanaume wawili hao wakiwa katikati ya mabishano, Yuditha alisimama mbele ya mwalimu akamwambia kwa heshima zote, "Shikamoo mwalimu. Kifungo chako cha tatu kimeingia tundu la nne." Mwalimu akajitazama. Baba akacheka mpaka akashika fimbo asianguke, akasema, "Mchukue! Hapa nyumbani tumechoka kusahihishwa." Alianza darasa la kwanza Mazingara mwaka 1970 akamaliza la saba mwaka 1976. Alifaulu, ila nafasi za sekondari zilikuwa chache na yeye hakupata.

Mwaka 1979 alihamia Korogwe, akaajiriwa katika kiwanda cha kamba za katani. Kazi yake ilikuwa kupitisha kamba mkononi na kukata palipolegea. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na sita. Huko ndiko alikokutana na fundi mitambo Petro Mhina, kijana wa Kizigua, mpole, ambaye hadi leo haelewi alipata wapi ujasiri wa kuja kwetu kuposa. Walifunga ndoa kanisani hapa Makuyuni tarehe 10 Desemba 1983. Mlioshuhudia mnakumbuka. Mchungaji alipompa Petro pete amvishe bibi harusi, bibi harusi aliichukua kwanza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha taratibu yote, huku kanisa zima limebana pumzi na shemeji yangu jasho linamtoka. Kisha akasema, "Imeshika," akatoa kidole. Mungu aliwajalia watoto watatu, Beatrisi, Yordani na Efrazia.

Mwaka 1995 mashamba ya katani yalipouzwa kwa watu binafsi, wengi wetu tunajua yaliyofuata. Orodha ya waliopunguzwa kazi ilibandikwa ukutani, na jina lake lilikuwemo. Alikaa miaka sita akiuza mitumba stendi ya Korogwe. Wateja wake walimpenda na walimlaumu, kwa maana alikuwa muuzaji pekee aliyekuonyesha mwenyewe mahali shati lilipofumuka.

Na sasa nafika kwenye sehemu niliyoingojea tangu nilipoamka leo. Mwaka 2001 mwekezaji alichukua maghala ya zamani ya katani hapa Makuyuni akafungua kiwanda cha plastiki. Walitengeneza vichujio vya dripu, vile vidude vya mviringo, vidogo kama kifuniko cha soda, ambamo maji ya dripu hupita kabla ya kuingia kwenye mshipa wa mgonjwa. Walitangaza wanatafuta wakaguzi, vijana wa kidato cha nne. Dada yangu alikuwa na miaka arobaini na cheti cha darasa la saba, na alikwenda hivyo hivyo. Waliweka mezani vichujio ishirini, viwili vikiwa vibovu, wakawaambia waombaji wavitafute. Vijana walivipata hivyo viwili. Yuditha alipata vitatu! Meneja, Bwana Zaidi, akabisha, wakakipeleka cha tatu kwenye maji, kikatoa povu. Aliajiriwa siku hiyo hiyo na kupewa muhuri namba saba.

Jamani, ile mashine! Jumapili moja wafanyakazi waliruhusiwa kuleta ndugu, nami nilikwenda. Kichujio kina vipande viwili, kifuniko kinachopitisha mwanga na kitako cheusi. Mwale wa leza unapita kwenye kifuniko bila kukigusa, kama jua linavyopita kwenye kioo cha dirisha, ukifika kwenye kile cheusi unageuka joto, plastiki zote mbili zinayeyuka pale zilipokutana, zinashikana. Hakuna gundi, hakuna moshi, hakuna cheche. Kazi ya dada yangu ilianzia hapo. Aliweka kichujio chini ya taa, akakizungusha chini ya lenzi, akitafuta mstari mweusi usiokatika. Doa jeupe kwenye mstari ni mahali pasiposhika. Baadaye kichujio kilijazwa hewa na kuzamishwa majini, kikitoa povu kinatupwa. Na kila saa alichukua vichache akavivunja kwa makusudi, kwa sababu, kama alivyonieleza siku ile macho yakimwaka, kiungo kizuri ukikivunja plastiki yenyewe ndiyo inachanika, lakini kiungo kibaya kinaachia, vipande viwili vinatoka safi kana kwamba havikuwahi kukutana. Aliniambia, "Loishiye, hiki kinakwenda kwa mtu ambaye hawezi kujiangalizia." Sijamwona mtu akiipenda kazi namna ile. Aliniombea nafasi nami nikaajiriwa stoo.

Hapa nitasema jambo ambalo mimi mwenyewe sijawahi kulisema mbele ya watu. Tarehe 13 Novemba 2003, siku ya Alhamisi, kiwanda kilikuwa kinampokea mgeni rasmi kutoka mkoani, na shehena ya kwanza kubwa ya vichujio ilikuwa iondoke mbele yake kwenda kwenye hospitali. Mnajua tunavyompokea mgeni rasmi. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa, miti ilipakwa chokaa, hata mkokoteni ulipakwa chokaa. Mimi nilitaka na stoo yangu ionekane. Siku ya Jumatano nilichukua vitako vyeusi zaidi ya elfu moja vilivyokuwa vinangoja mashine, nikavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi. Viling'aa! Nilijipongeza. Mchana, dada yangu akiwa nje ya zamu, vikaingia kwenye mashine, vikaunganishwa, vikapita majini bila povu hata moja.

Alhamisi asubuhi ngoma inalia nje, mgeni rasmi ameketi chini ya turubai, na Bwana Zaidi amemletea Yuditha karatasi agonge muhuri. Dada yangu alikuwa amekishika kichujio kimoja chini ya taa. Alikizungusha. Akakizungusha tena.

"Mama Beatrisi, gonga, mgeni anangoja," Bwana Zaidi alimwambia.

"Mstari si mweusi. Ni wa kijivu."

"Vimepita majini vyote! Husna si aliviandika?"

"Vimepita leo. Sijui kesho." Akamgeukia Husna, binti aliyekuwa akimfundisha kazi. "Niletee kimoja cha wiki iliyopita."

Wakati huo mgeni rasmi alikuwa ameshachoka kungoja, akaingia mwenyewe na msafara wake, kamera na kila kitu. Mwanamke mwingine angejificha. Dada yangu alisema, "Shikamoo mheshimiwa, karibu uone." Akakibana cha wiki iliyopita kwenye jiliwa, akakivuta kwa koleo. Kikalia kaa! Plastiki ikachanika vipande vipande, na mstari ukabaki umeshika. Akakibana cha Jumatano, akakivuta. Kikaachia taratibu kama kifuniko cha sufuria. Akakinusa. Akanusa tena, akainua uso, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na shati langu jipya.

Alijua. Mafuta yale nilikuwa nimeyapaka na kichwani.

Kazi yangu ilikuwa mdomoni mwake, na ya kwake pia, kwani yeye ndiye aliyeniombea. Angeweza kusema hajui. Nilimwomba kwa macho aseme hajui. Alisema, "Vitako vimepakwa mafuta. Mafuta yakiwepo plastiki haishikani. Aliyevipaka ni mdogo wangu, hakujua, lakini mimi sigongi." Mgeni rasmi akamtazama Bwana Zaidi, Bwana Zaidi akatazama karatasi, kisha akaichana mwenyewe. Shehena nzima ilisagwa. Mgeni rasmi alimpa dada yangu mkono na watu wakapiga makofi, na mimi nikafukuzwa kazi kabla pilau haijapakuliwa.

Nilimkasirikia. Nilikwenda Misima kulima, na kwa zaidi ya mwaka mzima nilipokea unga aliokuwa akinitumia kila mwezi kwa mkono wa Petro, bila kumtumia hata salamu. Unga niliula wote. Tulipatana Pasaka ya 2005, akanipa mkono, akanikaribisha mezani. Lakini niliona jambo moja likaniuma kuliko kufukuzwa. Kila nilichomshikia, chupa, ndoo, mlango, alikiangalia tena mwenyewe baada yangu. Hakuwa na kinyongo, alikuwa anaangalia tu. Nilitaka siku moja tu aamini jicho langu.

Marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2004. Aliendelea na kazi hadi Machi mwaka huu, macho yalipoanza kumwacha. Siku alipoona mistari miwili mahali palipo na mmoja, alisimama mwenyewe, akamkabidhi Husna muhuri namba saba, akarudi nyumbani bila kuambiwa na mtu. Tarehe 2 Agosti alilazwa hospitalini Korogwe figo zikiwa zimechoka. Tuliuguza kwa zamu.

Jumanne ya wiki hii nesi Hosiana alikuja na dripu mpya. Dada yangu alisikia mfuko unavyokwaruza akanyoosha mkono. "Binti yangu, kabla hujafungua, nipe nikiangalie kichujio."

"Mama, mimi ndiye nesi."

"Na mimi ndiye mkaguzi."

Hosiana akacheka, akampa, kikiwa bado ndani ya mfuko wake. Dada alikisogeza karibu na uso, mbali na uso, karibu tena. Hakuona kitu. Kisha akasema, "Loishiye yupo?"

"Nipo, dada."

"Kipeleke dirishani."

Ndugu zangu, nilitoka mbio. Aliniita, "Unakwenda wapi?" Nikajibu nikiwa mlangoni, "Kunawa mikono!" Niliporudi nimelowana hadi viwiko, dada yangu alikuwa anacheka, kicheko chake chote cha bomani, akasema, "Lakini si kiko ndani ya mfuko?" Nikamwambia najua.

Nilikiinua kwenye mwanga. Nilikizungusha polepole kama alivyonifundisha ile Jumapili. Mstari ulikuwa mweusi, mwembamba, haujakatika popote, na kwenye mfuko palikuwa na alama ya muhuri namba saba.

"Umeangalia mzunguko mzima?"

"Mzunguko mzima, dada. Umeshika."

"Basi," akamwambia Hosiana, "nitundikie." Hakukiomba tena mkononi.

Marehemu Yuditha alifariki dunia siku iliyofuata, Jumatano tarehe 9 Agosti 2006, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Ameacha mume, Bwana Petro Mhina, watoto watatu, Beatrisi, Yordani na Efrazia, mama mzazi, Bibi Nasieku, ambaye bado anaviringisha vibuyu kwenye majivu, kaka yetu mkubwa Mepukori, na mimi. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, na wafanyakazi wote wa kiwandani ambao leo wamesimamisha mashine ili waje.

Asubuhi hii, kabla jeneza halijatoka ndani, nilinawa mikono nikalizunguka lote, pembe kwa pembe, hadi nilipofika nilipoanzia. Dada, nimeangalia. Sasa pumzika kwa amani ya Mungu.