Ubuyu Ulioishia Kwenye Ini

Mgeni rasmi Daktari Eufrasia, Mkuu wa Shule Mwalimu Gerson, walimu wetu, wazazi wetu, na panya wa stoo, ambao hawakualikwa lakini hawajawahi kukosa shughuli:

UKARIBISHO

Sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi ya Bweni la Shungimbili tunakukaribisha tena Mafia. Kiti ulichokalia ni cha Mkuu wa Shule. Yeye amekalia ndoo iliyofunikwa kitambaa, na tunaomba usimtazame sana.

HISTORIA

Mwaka jana ulitufundisha kwamba dawa ya saratani ikiachiwa tu kwenye damu hutangatanga, ikaumiza hata pasipo na ugonjwa. Lakini mwili una askari wake, chembe nyeupe, na uvimbe wenyewe huwaita waje. Basi watafiti huwalisha askari hao vifurushi vidogo mno, vya nano, vyenye dawa pamoja na kitu kinachoonekana kwenye picha. Askari wakaingia kwenye uvimbe kama waalikwa wenye kadi, na daktari akaona mzigo umefika wapi. Ulisema pia kwamba kazi hiyo bado iko maabara, na kwa sasa wanaofaidi zaidi ni panya.

Siku hiyo mlangoni alikuwa amesimama Bi Jokha, mpishi wetu mkuu, upawa mkononi. Neno hilo lilimchoma. Miaka yote amepigana na panya wa stoo akijua ni wezi tu. Leo anaambiwa wanatibiwa.

"Panya ana daktari wake," alimwambia Warda wa Kidato cha Tatu, ambaye ni mpwa wake. "Mimi nikienda napewa vidonge vya kichwa."

Warda hakucheka. Shangazi yake ana kivimbe kwenye titi, kama punje ya kunde, na muuguzi amemwambia avuke Dar es Salaam akapigwe picha. Hilo si siri. Bi Jokha alilitangaza mwenyewe kwenye foleni ya uji ili watu wakome kunong'ona. Ila kuvuka hataki. Anasema asiyepimwa haumwi. Anasema pia kwamba akiondoka, msaidizi wake Mzee Taufiki atatia sukari kwenye maharage. Kwa hili la pili tuna ushahidi.

MAFANIKIO

Tuliamua kumwonyesha Bi Jokha kwa vitendo. Uwanja wa mpira ukawa mwili. Waleed wa Kidato cha Pili akawa uvimbe, kwa kuwa ana kipaji cha kukaa, kula na kunenepa bila kumfaa mtu. Wasichana wa Kidato cha Nne, chini ya dada Happy, wakashikana mikono wakawa ini, chujio la damu. Wavulana wenye mashati meupe wakawa chembe nyeupe, kila mmoja akapewa konzi ya ubuyu mwekundu, ndio dawa, aupeleke kwa Waleed.

Mgeni rasmi, hakuna ubuyu uliofika. Chembe nyingi zilikamatwa kwenye ini, na ini likadai ushuru. Zilizoponyoka zilikula mzigo njiani.

"Jamani, uvimbe niko huku," Waleed aliita mpaka akakaukiwa. "Hata mmoja wenu?"

Mwalimu Gerson alipouliza, wote waliapa wamefikisha. Hapo Bi Jokha akainuka kwenye kigoda.

"Fungueni vinywa."

Alipita mstarini akikagua kinywa kimoja kimoja, kama anayechagua samaki sokoni. Ndimi zote nyekundu. Akahamia kwenye ini: nyekundu kupita kiasi. Ulimi wa Waleed peke yake ulikuwa kama Mungu alivyouumba.

"Bi Jokha, sisi ndimi zetu ndivyo zilivyo," dada Happy alijitetea.

"Funga hilo ini lako," alisema Bi Jokha.

Warda akasogea. "Shangazi, umewajuaje?"

"Si nimetazama?"

"Na usingetazama?"

Bi Jokha alimkodolea macho mpwa wake. Alijiona kama samaki aliyeingia kwenye dema kwa hiari yake, na mlango sasa uko nyuma. "Ujanja huo umeutoa kwa mama yako," alisema, "kwetu haupo." Akajifunga kanga, akarudi kwenye maharage. Siku ile hakuimba jikoni. Kesho yake, akichambua mchele, alimwuliza Warda kama hiyo picha inauma.

"Sijui, shangazi."

"Basi nani anajua?"

CHANGAMOTO

Darubini yetu ina buibui ndani, na darasa zima tulimchora kwenye mtihani tukamwita bakteria. Hiyo ni changamoto ndogo.

Kubwa ni kwamba Bi Jokha amefunga begi mara mbili, na mara mbili amelifungua. Kwanza alisema bahari imechafuka, siku ambayo bahari ilikuwa shwari. Kisha akasema anaogopa ndege. Warda anasema haogopi ndege. Anaogopa kukaa peke yake kwenye benchi la hospitali, akingoja jina lake liitwe na mtu asiyemjua.

MAOMBI

Hatuombi darubini, buibui tumemzoea. Hatuombi hizo chembe zenye mizigo. Tunajua bado ni zamu ya panya.

Baada ya risala hii Bi Jokha atakuja kukukabidhi kapu la pweza mkavu na kashata za nazi. Hajasikia neno hata moja, kwa sababu mwenzetu Azizi amechomoa waya wa spika ya upande wa jikoni. Tunaomba adhabu yake isubiri. Begi la Bi Jokha liko kwenye gari lililokuleta. Walimu wamemkatia tiketi ya ndege yako ya jioni, kiti cha pembeni mwako. Mzee Taufiki ameapa mbele ya mwalimu wa dini kuhusu sukari.

Atakuuliza kama picha inauma. Mjibu kweli. Akisema hapana baada ya kujibiwa, begi tutalishusha wenyewe, kwa adabu.

Mungu akuongoze angani na akuzidishie subira, maana huyu mama ana maswali. Ndiye huyo anakuja. Tupige makofi kana kwamba hakuna jambo. Mgeni rasmi, kapu lipokee kwa mkono wa kushoto. Huku kwetu ni utovu wa adabu, lakini leo tumekusamehe. Kwa wa kulia mshike Bi Jokha.

Ni sisi,
Klabu ya Sayansi, Bweni la Shungimbili,
Mafia.