Silasi Hudere na Mia Tatu wa Lavata

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio tulitaje jina la marehemu. Silasi Hudere ametutoka Jumanne, akiwa na miaka tisini na sita.

Wengi mlimjua kwa shamba lake la taro, magimbi yetu haya. Mimi namkumbuka kwa kuhesabu. Mwaka 1943, wakati wa vita, Wajapani walikuwa hapa kisiwani Lavata, naye akiwauzia mapapai. Akahesabu sufuria zao za wali. Sufuria thelathini, kila moja ya watu ishirini. Mia sita, wasikilizaji. Mia sita ndani ya mahandaki.

Habari akaipeleka mlimani, kwa ofisa wa jeshi la wazungu aliyejificha huko, akipanga kuwashambulia Wajapani kutoka baharini.

"Anayetoka majini hana pa kujificha," ofisa akamwambia. "Wengine wataanguka kabla hawajagusa mchanga. Wanaofika watataka wa kuwapokea zamu. Kwa hiyo mmoja wa handakini, watatu wa majini."

"Basi elfu moja na mia nane."

"Tutaleta elfu mbili. Nyinyi mtabeba risasi."

Wakala taro kwenye jani moja. Kwetu, uliyekula naye jani moja hakudanganyi. Silasi hakuuliza tena.

Akawatoa ndugu zake mapangoni walikojificha vita. Binamu yake Ronga akamtania, "We mkwe wa wazungu, wakija wachache utawabeba mgongoni?"

"Elfu mbili, bwana. Shika kikapu chako."

Wakashuka wanaume arobaini. Asubuhi mashua zikaja. Silasi akahesabu, akarudia. Mia tatu. Mia tatu, wasikilizaji wapendwa, si elfu mbili. Wengine walikuwa wamepelekwa kisiwa kingine.

Kufika adhuhuri, wazungu waliosalia kwenye mapigano wakapanda mashua wakaondoka. Nafasi ya wabebaji haikuwepo. Kati ya arobaini wetu walirudi kumi na mmoja. Ronga hakurudi.

Baada ya vita ofisa yule alikuja na medali. Elina, binti wa marehemu, alinisimulia jana: "Baba alimwuliza, 'Ulijua?' Akasema, 'Tangu juzi yake. Ningekwambia, mngeshuka?' Baba akasema, 'Tusingeshuka.' Yule mtu akasema, 'Ndiyo hivyo.' Akaiweka medali mezani, akaenda zake."

Poleni sana, watoto na wajukuu wa Hudere. Poleni, nyumba zile ishirini na tisa. Nasi tuliobaki tujipime: ukiahidi kuja na wengi, ukapata wachache, tuma neno. Kuna watu wanatoka mapangoni kwa sababu yako.