Mama Taratibu Hatoki kwa Mlango wa Nyuma

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Katibu Muhtasi wa Idara ya Fedha anastaafu baada ya kuitumikia Mamlaka yetu ya Maji kwa miaka thelathini na mitatu. Wageni waalikwa mtamwona ameketi mstari wa mbele, mwenye gauni la bluu na miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Ndani ya jengo hili ni wachache wanaomwita kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake. Sisi tunamwita Mama Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyewahi kukimbia kwenye korido na karatasi mkononi, awe tarishi au mkurugenzi.

Kamati ya maandalizi ilinipa kazi ya kuandika wasifu huu, ikaniasa niweke mambo mepesi, ya kuchekesha kidogo, nisiguse "yale mambo". Mimi nakaa dawati la malalamiko ya wateja. Kazi yangu ni kusikiliza watu wenye hasira na kuwajibu kwa upole. Leo mwenye hasira ni mimi. Mambo mepesi yapo na nitayasema, na yale mambo nitayasema pia.

Aliajiriwa akiwa mpiga chapa, enzi za mashine ambazo ukikosea herufi moja unaanza ukurasa upya. Bosi wake wa kwanza alikuwa na mwandiko ambao hata mwenyewe ulikuwa ukimshinda kuusoma, akawa anamwita aje amsomee alichokiandika jana yake. Kompyuta zilipoletwa, Mama Taratibu aliifunikia ya kwake kitambaa cha kufuma kwa mkono, kama watu walivyokuwa wakifunika redio sebuleni. Vijana wa mitambo walimcheka mpaka machozi. Kisha wakaja mafundi wa kubomoa ukuta, vumbi likajaa idara nzima, na wiki iliyofuata mashine iliyowaka bila kukohoa ilikuwa moja tu. Wale vijana walikuja wenyewe kuuliza uzi unauzwa wapi.

Siku moja mkandarasi aliacha bahasha nene mezani kwake akajifanya anaondoka. Mama Taratibu alimfuata hadi kwenye ngazi, mbele ya watu waliojipanga kulipa bili, akapaza sauti: "Kaka! Umesahau bahasha yako!" Yule bwana aliipokea huku jasho likimtoka, na tangu siku hiyo wakandarasi wote wakajua pale hapapitiki.

Sasa, wageni wetu, kuna desturi moja ya nyumba hii ambayo lazima muielewe. Malipo yetu yote hufanyika kwa mtandao. Ofisa mmoja anaandaa, wakubwa wawili wanaidhinisha, kila mmoja kwa neno lake la siri na tarakimu zinazotumwa kwenye simu yake. Ni mpango mzuri, na wakubwa wetu waliuona usumbufu. Meneja wa Fedha akasema simu inamkatiza vikaoni. Mkurugenzi akasema macho yake hayapatani na tarakimu ndogo. Wakaagiza tarakimu zote zije kwenye simu ya ofisi iliyo mezani kwa Mama Taratibu, na maneno yao ya siri wakamtajia kwa mdomo wakiwa wamesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Tangu hapo wimbo ukawa mmoja: "Mama, nibonyezee."

Yeye hakuupenda wimbo huo hata siku moja. Aliingia kwa Mkurugenzi akamwambia, "Baba, hili si sawa. Siku likiharibika litanikuta mimi." Mkurugenzi alicheka, akamwagizia chai, akamwambia, "Mama, tusipokuamini wewe tumwamini nani?" Alitoka na kikombe chake cha chai, na kazi ya kubonyeza ikaendelea.

Naibu Meneja wa Fedha tulimwita Mtaalamu, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja semina aliyohudhuria. Mabango yaliyobandikwa kwenye lifti, yenye picha ya kufuli na maneno "Linda Neno Lako la Siri", aliyabuni yeye. Mdomo wake ulikuwa mtamu, shikamoo haikauki. Alimkuta Mama Taratibu anaandika yale maneno ya siri moja baada ya jingine, akamwonea huruma. "Mama yangu, unahangaika bure," akamwambia. "Acha mashine ikukumbukie." Akainama, akabonyeza hapa na pale, na kuanzia siku hiyo mashine ikawa inayajaza yenyewe. Mama Taratibu alimshukuru na kumwombea baraka.

Kisha Mtaalamu akaanzisha kampuni ya kuuza dawa ya kusafishia maji. Ukiifungua kwenye mtandao unaona wanaume wenye kofia ngumu wanatabasamu, ghala refu, na sifa kedekede kutoka kwa wateja walioridhika. Ghala halikuwepo. Picha ziliokotwa kwenye kurasa za watu wengine, sifa alizitunga mwenyewe, na anwani iliyoandikwa ilikuwa ya kibanda cha kinyozi. Mamlaka ikailipa kampuni hiyo, ikailipa tena, na dawa haikufika hata pipa moja.

Watu husema wizi wa namna hii hauumizi mtu, ati ni tarakimu tu zinahama kutoka skrini moja kwenda nyingine. Waje wakae dawati langu. Msimu ule watu walijipanga wakiwa na chupa za maji ya rangi ya chai. Mama mmoja, mwanawe akiwa amelazwa kwa kuhara, aliniwekea chupa yake juu ya meza akaniuliza, "Wewe unaweza kuyanywa haya?" Nilimwandikia namba ya lalamiko. Mtu akiiba kuku mtaa mzima unatoka na mawe. Huyu aliyachafua maji ya mji mzima akiwa amevaa tai na marashi ya bei, na hakuna aliyemnyooshea hata kidole.

Hakuna, kwa sababu alikwishaondoka. Alijiuzulu akisema anatafuta changamoto mpya. Tulimkatia keki. Jarida la Mamlaka lilimpa ukurasa mzima, na Mkurugenzi akaandika kwa mkono wake kwamba Mamlaka imepoteza kijana mwadilifu. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa mtandaoni, nyuma yake rafu ya vitabu, anafundisha watu namna ya kujikinga na matapeli, na ada inalipwa kabla ya somo. Yuko nchi gani, polisi bado wanauliza.

Wakaguzi wa hesabu walipokuja, waligundua malipo yote yaliidhinishwa kutoka kwenye mashine moja, ile yenye kitambaa cha kufuma. Kabla mtu hajaulizwa swali, Ofisa Utumishi alituma ujumbe kwenye kundi la simu la wafanyakazi wote, ukiwa na jina la Mama Taratibu kamili, kwamba amesimamishwa kazi kwa tuhuma za wizi wa mtandaoni. Ujumbe ulinikuta kwenye ngazi. Ulikuwa umeshasambazwa kwa ndugu, jamaa na marafiki kabla Mama Taratibu hajafika getini.

Pale getini mkoba wake ulimwagwa juu ya meza ya walinzi mbele ya wateja: leso, dawa za presha, chanuo, na zile ndala zake za kuvalia ofisini. Mlinzi alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Nisamehe mama, nimeagizwa." Yeye ndiye aliyemtuliza. Alikusanya vitu vyake kimoja kimoja, akamwambia, "Fanya kazi yako, mwanangu, mimi sina neno na wewe."

Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa mtaa wake. Majirani walikuja watatu, wakakaa, wakasifia mapazia, halafu wakasema, "Dada, wewe pumzika kwanza, ufunguo wa sanduku la kikundi tutaushika sisi." Hakuna aliyetamka neno wizi. Binti yake wa mwisho, ambaye ni muuguzi, ameniambia kwamba baada ya siku hiyo mama yake aliacha kwenda dukani. Alikuwa anamtuma yeye hata kununua kiberiti. Mwanamke aliyemkimbiza mkandarasi kwenye ngazi akawa anaogopa kununua kiberiti, na hapo ndipo roho inaponiuma hadi leo.

Na jambo lenyewe lilikuwa wazi kama mchana. Malipo makubwa kuliko yote yaliidhinishwa asubuhi ya sherehe ya watumishi bora, humu humu ukumbini. Mgeni rasmi alikuwa anahutubia. Mama Taratibu alikuwa jukwaani anapokea cheti cha uaminifu, na simu ya ofisi ameiacha mezani kwa sababu Mkurugenzi mwenyewe alimwambia, "Leo ni siku yako, achana na simu." Tulisimama wote tukampigia makofi na vigelegele. Kiti kimoja tu kilikuwa kitupu, cha Mtaalamu, aliyetoka akinong'ona kwamba amepigiwa simu kutoka nje ya nchi.

Mkurugenzi ndiye aliyemkabidhi kile cheti. Meneja wa Fedha alikuwa pembeni yake, na Ofisa Utumishi ndiye aliyekuwa anashika kipaza sauti. Watu watatu walimgusa mkono wakati ule ule mashine yake inaiba bila yeye. Wapelelezi wa mwanzo walipowauliza alikuwa wapi siku hiyo, wote watatu wakasema hawakumbuki. Walikumbuka vizuri sana. Wangesema alikuwa jukwaani, swali la pili lingekuwa: sasa neno lako la siri lilifikaje kwenye mashine yake? Hata Ofisa Utumishi angeulizwa, kwa kuwa likizo zetu zote, ambazo ni kazi yake kuidhinisha, zilikuwa zinabonyezwa na Mama Taratibu. Ili uvivu wao usitajwe, wakamwacha mwanamke mtu mzima amwagiwe mkoba getini. Sisi wa chini tuliosema tulijibiwa tuache uchunguzi ufanye kazi yake. Shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda hapigi teke huku anakunywa chai uliyomtengenezea.

Mwisho akaletwa mpelelezi mwingine, dada mmoja mwenye mafua yasiyoisha, ambaye hakuanzia ghorofa ya juu. Alianzia kwa madereva. Aliwauliza swali lile lile, na dereva wa gari la mafundi bomba akamjibu, "Alikuwa anapewa cheti cha uaminifu, tulikuwepo wote." Yule dada alidhani anataniwa, akaanza kucheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akafunga kalamu na kupanda juu. Ilimchukua wiki moja kujua mwizi ni Mtaalamu na kufuata nyayo zake, mpaka pale kumbukumbu za safari zake za ndege zilipoishia.

Sasa sikilizeni namna Mama Taratibu alivyosafishwa. Kuchafuliwa kwake kulitumwa kwenye simu za watu wote. Kusafishwa kwake kulifanyika kwenye korido, karibu na mlango wa choo. Ofisa Utumishi alimwita kuja ofisini, akamkuta njiani, akamwambia huku anamumunya peremende, "Mama, lile suala limekwisha, Jumatatu njoo kazini." Basi. Kundi la simu halikuandikwa neno. Majirani hawakuambiwa. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa kwamba tusifukue yaliyopita, tunaharibu taswira ya taasisi.

Alirudi Jumatatu. Mtu mwingine angekuja kununa. Yeye alikuja na mipaka. Meneja wa Fedha aliposema "Mama, nibonyezee," alinyanyua kompyuta mpakato, akaipeleka hadi kwenye kikao, akaiweka mbele yake, akasimama pembeni ameweka mikono nyuma mpaka bosi akabonyeza mwenyewe mbele ya wageni, kwa kidole kimoja, akitafuta herufi kama mtoto wa chekechea. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Hayo ndiyo mageuzi makubwa ya usalama wa mtandao yaliyowahi kufanyika katika Mamlaka hii, na hayakuhitaji semina.

Mama Taratibu, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako wa kaunta, madereva, wasoma mita, mafundi bomba na walinzi: asante. Asante kwa barua ulizotusahihishia kimya kimya, kwa chai, na kwa kutufundisha kumjibu mteja kama vile ni mgeni wa mama zetu. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na wajukuu wasumbufu. Nenda kapumzike vizuri, mama, na dukani uende mwenyewe.

Limebaki jambo moja. Kamati ilimuuliza Mama Taratibu angependa zawadi gani, saa ya ukutani au seti ya vyombo. Alisema vyombo anavyo na saa anayo. Alisema, "Waseme tu. Walinitaja mbele ya watu, wanitaje tena mbele ya watu." Ndiyo maana binti yake ameketi kulia kwake leo, na wale majirani watatu wako mstari wa pili, niliwapelekea kadi za mwaliko mwenyewe.

Kwenye ratiba, baada ya wasifu huu, imeandikwa "Neno kutoka kwa Uongozi". Mkurugenzi, Meneja wa Fedha, Ofisa Utumishi: kipaza sauti kinawekwa mezani kwenu sasa hivi, na keki haitakatwa kabla hakijatumika. Hotuba hatuihitaji. Neno lenyewe ni moja, hakuiba, na mwenyewe ameketi hapo mbele yenu anasubiri kulisikia.